Punje za Kati, Punje za Ncha

Kila nikisikia redioni kwamba maafisa wa nchi jirani wamekutana kupatanisha sheria zao za vyakula vilivyobadilishwa vinasaba, mimi hungoja swali moja tu: hindi likivuka mpaka, ni chakula au ni mbegu? Mara nyingi habari za michezo huanza kabla hawajalifikia. Mimi nililifikia miaka ya themanini, nyumbani Tezo, nikaliharibu.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nangoja kazi, na nikila sana. Mvua ya mwaka uliotangulia ilikatika mapema, tukashusha hata mahindi ya mbegu yaliyotundikwa juu ya mafiga. Mbegu ile mama aliachiwa na mamake. Ilinuka moshi, nami niliongeza sahani.

Tumaini lilibaki moja. Mdogo wake mama, aliyeolewa upande wa Tanga, alikwenda kwa mumewe na mbegu hiyohiyo, na mpaka, uliofungwa kwa miaka kadhaa nchi zetu zilipokosana, ulikuwa umefunguliwa tena. Mama akaniambia nimwandikie barua alete mahindi ishirini kabla ya masika.

Ningeandika hivyo tu, mambo yangekwisha. Lakini nilikuwa na shahada. Nikaenda Kilifi mjini kumwuliza bwana shamba sheria inasemaje.

"Mbegu yataka cheti cha itokako na kibali cha iendako," akasema. "Wenzetu wa kule hawatoi cheti mpaka waone kibali. Na sisi hatutoi kibali mpaka tuone cheti."

"Na chakula?"

"Chakula cha nyumbani nani atakuuliza?"

Nikaandika barua kwa fahari: Mama mdogo, ukifika mpakani, sema ni chakula.

Akasema. Upande wa kule wakampisha. Upande wetu afisa akayatazama mahindi, akamwambia, "Kama ni chakula, mama, magunzi ya nini? Magunzi huficha wadudu. Pukuchua." Akapukuchua palepale, yote ishirini, ndani ya mfuko mmoja.

Mama alipoufungua mfuko ule alichota konzi ya punje, akaimwaga tena humohumo. Kwetu mbegu hutolewa katikati ya hindi. Punje za ncha na za kitako huliwa. Sasa zote zilikuwa zimechanganyika, na mawingu yalishaanza kukusanyika.

"Nani alikwambia useme ni chakula?"

"Msomi wako," akajibu mama mdogo, akivua viatu.

Nikajitetea. "Mama, punje zote za hindi moja ni za mama mmoja. Za ncha zina ubaya gani?"

"Na wewe na nduguzo ni wa mama mmoja," akasema.

Mama mdogo alicheka mpaka akashika ukuta.

Nikapewa ungo. Kwa siku mbili tulichagua: zilizo bapa ni za kati, za mviringo zimetoka ncha au kitako. Zile zisizoeleweka mama alizigeuza kidoleni, akaziamua bila kunieleza. Nilitamani kujua anaona nini. Afisa wa kule, afisa wa huku, bwana shamba na mama, kila mmoja aliitazama punje ileile akaona kitu kingine, na ni mama peke yake aliyevaa miwani.

"Mama mdogo," nikauliza, "mbegu ni nini hasa?"

"Ni ile ambayo wewe hukuachwa nayo chumba kimoja."

Bapa zilitosha shamba lote, ila kipembe kidogo nyuma ya choo. Hapo mama akanipa konzi ya punje za mviringo, nipande elimu yangu. Zikaota. Kila asubuhi nilikwenda kuzitazama, nikimwita aje aone. Alikuja mara moja tu, akang'oa gugu, akarudi zake.

Wakati wa mavuno aliyachagua mahindi yake makubwa, akayafunga kwa maganda yake na kuyatundika juu ya mafiga. Kisha akayachukua yangu, akayageuza mkononi moja baada ya jingine, na kuyaweka chini, kwenye makaa.

Yalikuwa matamu.