Njia Aliyoifukia Mwenyewe

Fundi baiskeli huyu watu walimwita Breki, na jina hilo alilipata kihalali. Ulete tairi lililopasuka, ulete mnyororo uliokatika, yeye kwanza ataminya breki. Akiziona mbovu hakupi baiskeli yako hata umpigie magoti. Wateja wakimwambia ajali haina kinga, aliwajibu kwamba hayo ni maneno ya watu wavivu wa kukaza nati. Alikuwa msumbufu, tuseme ukweli, lakini kwa miaka thelathini hakuna aliyetoka bandani kwake akaumia kwa kosa lake.

Banda lenyewe, la mabati, lilikuwa mkabala na lango la chini la bustani ya umma. Bustani ilipanda kilima chote: chini viti na maua, juu msitu wa miti ya mbao ambao hata walinzi waliona taabu kuufikia. Upande wa pili wa kilima kulikuwa na barabara ya machimbo, na malori ya kokoto yalipita humo kutwa.

Binti yake, kitinda mimba, alishona sare za shule katika kiwanda kidogo nyuma ya soko. Wenzake walimwita Kishada, kwa sababu akiwa juu ya baiskeli alipaa kama kishada cha karatasi. Siku sita alikaa kwenye cherehani ameinamisha shingo, na ya saba alitaka kitu kimoja tu, kushuka mlima kwa kasi. Mama yake alisema mtoto wa kike huyu atamuua kwa presha. Breki alisema kama ni kushuka, basi ashuke mahali pasipo na gari.

Ndipo baba na binti wakaanza kuchimba njia kule juu msituni. Miaka mitatu walichimba, kila Jumapili, kwa jembe, sepetu na ndoo ya maji ya kushindilia udongo. Kona waliziinua kwa nje ili gurudumu lisiteleze, na katikati waliweka matuta ya kurukia. Vijana wengine wenye baiskeli za milimani wakajiunga, wakawa kumi na wawili, na wakawa na sheria yao: aliyejenga tuta ndiye analiruka kwanza. Breki alijenga moja, akiwa na miaka hamsini na sita. Aliliruka, akaanguka kama gunia la viazi, akatembea na mkono umefungwa shingoni wiki sita huku mkewe akimwuguza na kumsimanga kwa zamu.

Walinzi walipoigundua njia hiyo, vijana walitaka kuhamia kona nyingine wajifiche. Breki akakataa. Yeye hakuwa mtu wa kujificha. Aliandika maombi kwa ofisi ya bustani, akakusanya sahihi za majirani mia mbili, akachora ramani ya njia kwa rula, akaonyesha wapi uwekwe uzio ili watembea kwa miguu wasigongwe. Aliipenda kazi hiyo, wala hatumlaumu, maana sababu zake zilikuwa nzuri. Bustani ni ya watu wote, alisema, na wapanda baiskeli nao ni watu.

Mkuu wa Bustani alimpokea vizuri. Alikuwa mtu mpole, mwenye penseli iliyochongwa kali, na mpole wa ofisini ni wa kuogopwa kuliko mkali.

"Mzee wangu, maombi yako ni mazuri," alisema. "Ila siwezi kuidhinisha kitu ambacho tayari kipo kinyume cha sheria. Tuonyesheni nia njema. Ifukieni njia yote, irudi kama ilivyokuwa. Mwezi mmoja tu, kamati itakaa, mtachimba upya kwa kibali."

Breki akatia sahihi palepale.

Kishada aliposikia aliweka kijiko chini. "Baba, hawa wanakuchezea. Tukishaifukia, tutashukia wapi?"

"Mtasubiri. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Sisi tumeinama miaka mitatu tukichimba, baba."

"Basi inama mwezi mmoja zaidi, mwanangu. Kusimama kidogo hakujamuua mtu."

Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, na lisingeweza kuwa la mtu mwingine. Maisha yake yote alikuwa ameokoa watu kwa kuwasimamisha. Haikumpitia akilini kwamba anayezoea kukimbia, ukimfungia njia salama, hasimami. Anatafuta nyingine.

Waliifukia kwa siku sita. Kishada alisawazisha matuta yake mwenyewe kwa sepetu, kisha akatandaza majani makavu juu, kama alivyoagizwa. Mlinzi alipiga picha.

Mwezi ukaisha. Breki alikwenda ofisini akaambiwa faili liko mezani. Mwezi wa pili mhusika alikuwa likizo. Wa tatu akidi haikutimia. Wa nne faili lilikuwa limeenda kwa mwanasheria, na huko kwa mwanasheria, kama ujuavyo, mafaili huenda kupumzika. Vijana walikuwa wameshahamia barabara ya machimbo, yenye mteremko wa kilomita tatu. Breki alijua. Kila Jumamosi jioni aliminya breki za baiskeli zao zote kumi na mbili, akawaonya, akaona ametimiza wajibu.

Katika mwezi wa tano, Jumapili asubuhi, lori lililokuwa likipanda lililipita lori jingine kwenye kona, na Kishada alikuwa anashuka.

Polisi walimletea baiskeli nyuma ya pikapu. Gurudumu la mbele lilikuwa limekunjika mara mbili. Breki aliishusha mwenyewe, akaisimamisha, na mkono wake ukaenda ulikozoea kwenda. Akaminya ya mbele, akaminya ya nyuma. Zilikuwa nzima, zilikamata sawasawa. Akakaa chini kwenye vumbi la banda lake, akalia kwa sauti, na majirani wakafunga maduka.

Msibani hawakukosekana wenye midomo. Kuna mmoja alisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mtu huyo angepaswa kuona haya. Kishada alilisikia la mkuu, alilisikia neno kwa neno, na njia aliifukia kwa mikono yake.

Wiki ya tatu baada ya mazishi, kamati ikakaa. Akidi ilitimia upesi ajabu. Breki alikwenda na mkewe, ambaye hakuwa amemsemesha zaidi ya "chakula tayari" tangu siku ile. Mkuu wa Bustani alisimama, akatoa pole kwa upole wake uleule, akasoma: kwa kuzingatia kifo kilichotokea hivi karibuni, mchezo huu umedhihirika kuwa wa hatari, na ofisi inashauri maombi yakataliwe.

"Hakufia bustanini," Breki alisema.

"Tunajua, mzee wangu."

"Bustanini alishuka miaka mitatu, hakuna aliyevunjika ila mimi. Mlinambia nifukie. Nikafukia. Mwezi mmoja, mlisema."

"Na kumbukumbu zinaonyesha mlishirikiana vizuri sana," alisema Mkuu, akagonga karatasi kwa penseli. "Kwa hiyo tuna pendekezo. Tutaweka kiti cha mbao karibu na maua, chenye jina la marehemu. Wewe utatia sahihi hapa tu, kwamba suala la njia limefungwa."

Mkewe akanyoosha mkono akaichukua karatasi. Akaisoma polepole, mstari kwa mstari.

"Sahihi ya kwanza hukuniuliza," alimwambia mumewe. "Hii niulize."

"Nakuuliza, mama watoto."

Kisha akaigeukia kamati. "Mtoto wetu mlimkalisha miezi mitano. Inatosha." Akairudisha karatasi mezani, haijatiwa sahihi.

Kamati ikapiga kura, mikono yote juu, na maombi yakakataliwa bila sahihi yake. Haikuchukua dakika mbili.

Nje, vijana kumi na mmoja walikuwa wamesimama kando ya baiskeli zao. "Vipi, mzee?" mmoja akauliza. Mama ndiye aliyejibu, wamekataa.

Hakuna aliyelalamika. Walivaa kofia zao ngumu mmoja baada ya mwingine, wakampa mama pole, kisha wakageuza baiskeli kuelekea barabara ya machimbo. Breki aliinua mkono awazuie. Lakini awaambie waende wapi? Mkono ukabaki juu, na wale wa nyuma walipogeuka wakadhani anawaaga, nao wakampungia.