Nilidhani Asilimia Inaishia Mia

Kosa ni langu, na sitaki mtu anitetee. 

Nimezurura sana: Singida, Tunduma, Geita. Kote huko nilishika kompyuta za watu, na bado naitamani enzi ile ya skrini nyeusi, unaandika amri, mashine inatii. Niliporudi Dodoma, Zuhura, tuliyekua naye mtaa mmoja kule Kikuyu, alinipokea kwenye duka lake la kuchapa na kurekodi.

Siku hiyo alikuwa anahamisha mkanda wa video wa harusi ya dada yake kule Kolo. Humo marehemu mama yao anaimba. Mkanda umechakaa, fundi alishasema utacheza mara moja tu, basi. Zuhura akauweka kwenye deki, kompyuta ikaanza kurekodi, akaenda kuswali adhuhuri.

"Kaka, hiyo usiiguse, tafadhali."

Nikaigusa!

Feni ya kompyuta ilikuwa inavuma. Wanachuo wawili waliokuja kuchapa kazi zao wakacheka: "Shikamoo anko, hiyo mashine inataka kupaa?"

Sifa zikanipanda. Nikafungua skrini nyeusi, nikaandika "top", amri inayoonyesha kila programu inakula kiasi gani cha prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Moja ilisoma asilimia mia tatu na tisini.

"Mmeona? Asilimia inaishia mia. Hiki ni kirusi!"

Binti mmoja akasema taratibu, "Anko, hiyo prosesa ina vichwa vinne. Kila kimoja kina mia yake."

"Nyamaza wewe! Amri hizi nimezijua baba yako hajaoa!"

Nikaandika "kill", amri ya kuua programu, na namba ya ile iliyosoma mia tatu na tisini. Feni ikatulia. Nikajipigia makofi, jamani. Makofi! Nikaanza kuwasimulia mambo ya Geita, huku nyuma yangu mkanda unaendelea kucheza kwenye runinga ndogo, haurekodiwi tena, maana programu niliyoiua ndiyo iliyokuwa inaurekodi. Mwishowe deki ikautafuna.

Zuhura anarudi, wanachuo wameshaondoka. Faili imeishia pale bwana harusi anashuka kwenye gari. Nikamwambia kompyuta ilipata joto, ikazima programu yenyewe. Uongo mkavu! Na yeye akanipa pole, akaniagizia chai. Nikainywa. Mdomo huu huu!

Kisha akauliza, "Lakini kaka, wewe ulikuwepo mkanda ukicheza. Mama aliimba nini? Maneno nimeyasahau."

Sikusikia hata neno moja. Nilikuwa naongea.

"Aliimba vizuri sana," nikasema. "Watu wote walinyamaza." Akalia, akanishika mikono, akanishukuru.

Wiki haikuisha, nikabeba begi nikahama mji, kama kawaida yangu. Zuhura hunitumia dua kila Ijumaa. Naisoma, najitemea mate.

Ndugu zangu, ukiona namba usiyoielewa kwenye mashine ya mwenzako, ondoa mkono, muulize mwenyewe. Na kama umeshaharibu, sema hapo hapo, hata ukitetemeka. Usimpe mtu uongo akaenda kuutunza kama kumbukumbu ya mama yake.