Namba ya Mwenye Maji

Niliukata waya wa ua wa jirani saa nane mchana kwa koleo la mume wangu, baada ya kujikata kidole kwanza.

Kiangazi kilikuwa kimetumaliza. Mume wangu alikuwa amepeleka mifugo upande wa Rombo kutafuta malisho, akaniachia ng'ombe watatu dhaifu wasioweza safari. Bwawa tulilotegemea tangu zamani, hapa nje ya Kitengela, lilikuwa limeuzwa pamoja na shamba, na mnunuzi, mzee wa kutoka Nyeri anayeishi Nairobi, akalizungushia ua. Maji nilikuwa nikiyaona kila siku. Siku hiyo ng'ombe mmoja alilala chini akakataa kuamka, na watoto wangu walikuwa wanaishi kwa maziwa yake.

Sheria naijua. Kuingia shamba la mtu ni kosa, kuharibu ua wake ni kosa la pili. Nilikata hivyo hivyo, nikamchotea maji yule aliyelala, nikawaingiza wenzake. Kabla ya kuondoka nilifunga nyasi kidogo kwenye waya. Kwetu Wamaasai, nyasi ni kuomba msamaha; ukizishika, hata adui hushusha fimbo. Zenyewe nilizing'oa humo humo kwake, kwa sababu kwangu hazikuwepo.

Kwa siku nne kila pikipiki iliyopita ilinikausha mate. Nilijiambia kwamba nililazimika. Niliamini hivyo nikimkamua ng'ombe, lakini nikisikia gari likipunguza mwendo sikuamini tena.

Siku ya tano mzee alifika na chifu. Zile nyasi alikuwa amezifunga ndani ya gazeti, hataki zimguse.

"Mama, huu ni uchawi gani umeniwekea?"

Chifu alicheka hadi akaegemea gari, kisha akamweleza maana yake. Mzee alizifungua nyasi, akaziangalia upya.

"Ni wewe ulikata?"

"Ni mimi. Ng'ombe walikuwa wanakufa."

"Sasa si ungenipigia simu? Namba iko kwa geti. Hata mimi niko na ng'ombe kule nyumbani. Kweli ningekunyima maji?"

"Sikuona namba, mzee."

Aliniamini. Alisema nirudishie waya, halafu niwe nikipitia getini hadi mvua inyeshe. Nilishukuru, machozi yakinilenga.

"Leta simu nikuwekee namba, siku ingine usiumie bure."

Nilimpa kabla sijafikiri. Alibonyeza tarakimu moja moja, mdomo ukizitaja. Alipofika mwisho aliisogeza simu karibu na macho. Jina lilikuwa limetokea: Mwenye Maji. Namba hiyo nilikuwa nimeiandika mwezi mzima kabla, kutoka kwenye geti lake.

Hofu ya zile siku zote nne haikuifikia hii. Chifu aliacha kutabasamu.

"Ulikuwa nayo," mzee akasema.

"Nilikuwa nayo. Niliogopa utakataa, mzee. Na hata ungekataa, ningekata."