Mwisho wa Albamu Yangu

Jumamosi, saa tisa na robo alasiri, nilikuwa Xiaobei, mtaa wenye Waafrika wengi huko China, nikimshawishi mama wa Kizanzibari mwenye mgahawa apige CD yangu ya muziki wa Ireland.

"Mwanangu, huu si wa msibani?"

"Subiri wimbo wa mwisho, mama. Zumari linakatika ghafla, kama mtu aliyeitwa. Hakuna albamu inayoishia vile."

Kaka mmoja muuza CD, aliyekuwa akila meza ya jirani, aliitoa mashineni, akanionyesha pengo ukingoni. "Hizi huletwa kama taka, kiwandani zimepigwa msumeno zisiuzwe tena. CD husomwa kutoka katikati kwenda ukingoni, basi mwisho wake umeliwa."

"Kumbe unausifu msumeno," mama akasema.

Nimeusifu miaka miwili, tena kwa hoja. Nikanunua CD nzima, isiyokatwa, kwa yule kaka. Zumari linaendelea, linageuka ngoma ya harusi. Sasa sijui nilipenda nini. Kesho yake asubuhi niliusikiliza tena wimbo ule, nikauzima palepale msumeno ulipokuwa ukiukata.