Gari la Kuku

Siku ile langoni tulikuwa watano. Mimi, mume wangu Wafula, aliyekuwa ametoka shifti kiwandani, kitinda mimba wetu Nasimiyu, wa miaka sita, jirani wa mlango wa pili, Mwikali wa Machakos, na mumewe Musyoka, mchonga vinyago. Wa sita alikuwa nje ya lango: mama yangu Nekesa, kutoka Bungoma.

Nilimkumbuka mama juzi, nilipomwona mjukuu wangu akifungua soda tatu na kuzimwaga zote, anatafuta zawadi chini ya kifuniko. Nikamwambia keti, nikuambie habari za kuku.

Miaka ya tisini tulikaa Kayole, si mbali na Komarock. Kila baada ya mavuno mama alitutumia gunia la mahindi kwa basi. Jumamosi mimi na Nasimiyu tulikwenda poshomili, tukapanga foleni katika ule mngurumo, tukarudi na unga ungali moto, nywele zetu nyeupe kama za wazee. Ugali wake ulinukia mpaka kwa Mwikali.

Halafu redio ikaanza kuimba unga wa pakiti. Pakiti ilikuwa na picha ya kuku. Ukikata kuku watano ukawatia kwenye bahasha, gari lenye spika lingekuletea cherehani mpaka mlangoni. Cherehani, jamani! Niliitamani tangu niolewe. Tena tangazo lilisema mama anayejali watoto wake hawapikii unga wa kusagisha. Nililionea aibu gunia la mama, nikalisukuma chini ya kitanda.

Tukaanza kuchinja. Ndivyo tulivyosema ploti nzima. Mwikali akiniona na wembe tu:

“Mama Nasi, leo umechinja wangapi?”

“Wawili!”

Wafula naye analalamika, “Mwezi mzima tunachinja kuku, na hakuna aliyeniwekea hata firigisi.”

Tulicheka sana. Lakini nilikuwa nikipika sufuria kubwa ili pakiti iishe upesi, na ugali uliobaki nikiutupa. Ndiyo, niliutupa. Mimi, mtoto wa Nekesa.

Asubuhi ya siku ile tulisikia spika ikilia upande wa Komarock. Mara Nasimiyu akaja mbio kutoka nje.

“Mama! Kukhu amefika! Yuko kwa geti!”

Kwetu Bungoma kukhu ni nyanya, mzaa mama. Lakini mtoto alikuwa ameng'oka meno ya mbele, neno lilimtoka vibaya, na masikio yetu mwezi mzima yalikuwa yakingoja kuku tu. Mwikali alitupa mwiko. Musyoka akatoka na patasi mkononi. Wafula akaruka kutoka kitandani. Mimi nilishika bahasha yangu, nikakimbia nikipiga vigelegele.

Hakukuwa na gari. Alikuwa mama, na mzigo wa mahindi kichwani. Alisikia vigelegele akadhani ni vyake. Alikuwa amekwisha kuanza kucheza, mzigo ukiwa bado kichwani, uso wote meno. Mimi nikachungulia nyuma yake, barabarani. Akaacha kucheza.

“Unamtafuta nani, mwanangu?”

“Hakuna mtu, Mama.”

Ndani aliinama kuusukuma mzigo wake chini ya kitanda, akalikuta gunia. Alitia mkono, ukatoka na vumbi na wadudu. Alichukua ungo, akapepeta mpaka jioni, akiokota punje moja moja zilizobaki nzima. Alipokuwa akiondoka ndipo aliposema, “Mahindi yangu yamekuwa mabaya siku hizi?” Nilisema la. Sauti yangu mwenyewe haikuniamini.

Mavuno yaliyofuata gunia halikuja. Alimwambia kaka yangu kwamba watu wa Nairobi wana unga wao mzuri. Mavuno mengine hakuyaona.

Gari la kuku halikuingia ploti yetu kamwe. Poshomili ile sasa ni duka la simu, na mimi ugali wenye harufu ile sijaula tena. Ningeuacha hata huo, kama ningepata tu kumpigia mama vigelegele vyake mwenyewe.

Mwikali, kama uko hai, au wewe Nasimiyu, mkisoma haya nirekebisheni. Pengine nimekosea. Pengine nilimkumbatia kwanza, ndipo nikatazama barabara. Niambieni nimesahau.