Mkaguzi Aliyeombwa Asifike

Jumanne, mbele yangu kwenye foleni ya ofisi moja mjini Lushoto, mama mmoja wa kijiji kimoja cha Bumbuli alitua kapu lake la mapeasi, akamkabili kijana mkaguzi wa fedha za serikali kuu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni wewe uliyetangaza kuja kukagua zahanati yetu?"

"Ni mimi. Samahani, barabara ilikatika, sikufika."

"Usijali, mwanangu. Ulipotangaza tu, mlango uliolala stoo mwaka mzima ukawekwa. Sasa tangaza tena. Vitanda bado vimo humo."

"Safari hii nitafika kweli."

Mama akamtikisia kidole. "Usifike! Ukishafika, wakubwa wa zahanati watajua umemaliza."

Foleni nzima ilicheka. Nami nilicheka, halafu nikajiuliza ni vingapi nchini vimelala stoo, vikisubiri tangazo tu.