Maua ya Kaburi la Irine

Hapa Nangara hatujawahi kuwa na mtu mwenye mkono wa kupanda kama Hilaria, mke wa Fabiani. Ukimpa kijiti cha waridi kilichokauka, mvua zikipita anakuonyesha ua. Tulimtania kwamba hata mpini wa jembe akiuegemeza ukutani siku mbili utachipua. Alikuwa mcheshi na mwenye mdomo, na kwenye kwaya aliimba sauti ya kwanza hata mwalimu alipompangia ya pili. Huyo ni Hilaria wa zamani. Wa sasa ni mwingine, na kilichombadilisha kiliota mbele ya macho yetu sote.

Binti yake wa pekee, Irine, alifariki akijifungua. Mtoto akapona, wakamwita Zawadi, na sijui ni nani aliyekuwa na moyo wa kuchagua jina hilo wakati matanga hayajaanuliwa. Baba wa mtoto alikuja msibani, akala, akaondoka. Hajaonekana mpaka leo, na nisimseme zaidi nisije nikatenda dhambi. Irine akazikwa nyumbani, mwisho wa shamba karibu na migomba, kama tunavyowazika watu wetu. Fabiani alileta lori la mchanga wa kujengea kaburi, ukamwagwa palepale. Mchanga ukangoja saruji. Saruji ya kaburi huchelewa, kwa kuwa anayeihitaji halalamiki.

Mvua za kwanza ziliponyesha, juu ya mchanga ule ukaota mmea ambao hakuna aliyeupanda. Majani yake yalichanikachanika kama ya karoti, na maua yalikuwa meupe, madogo na mengi, kama chumvi iliyomwagika. Hilaria alipouona alipiga magoti. Alisema Irine amewatumia salamu, na nani angembishia mama aliyefiwa? Siku ya Marehemu Wote, padri alipopita kubariki makaburi, aliyasifu maua. Wanawake wa jumuiya wakaomba mbegu, Hilaria akawagawia kwa mikono miwili, zikapelekwa kwenye makaburi ya vijiji jirani, Mutuka na Nakwa. Kiangazi kilipobana, mchicha ukafa na migomba ikanyauka, lakini mmea ule ukabaki wima na kutambaa mpaka kwenye mahindi. Badala ya kujiuliza ni mmea gani huu usiohitaji mtu, Hilaria alizidi kuumwagilia.

Zawadi alipoanza kusema, bibi yake akawa anampeleka kaburini kila jioni. Mtoto alisimama mbele ya maua, akasema shikamoo mama. Hilaria, akiwa nyuma yake, aliitikia marahaba kwa sauti nyembamba. Kisha alichuma kishada akamchomekea nyweleni. Niliwaona mara nyingi kupitia uzio wetu wa minyaa, na sikuona ubaya. Mtoto hakuwahi kuonyeshwa mama mwingine. Kwake yeye, mama alikuwa yale maua.

Upele ulianza shingoni. Baadaye kope zikavimba, halafu kifua kikaanza kubana na kupiga filimbi. Hospitali walimvutisha dawa kwa mashine, wakawauliza kuhusu moshi na vumbi. Hilaria akahamishia jiko nje, akauza kuku, akatupa hata godoro. Kifua kikabana vilevile. Hapo ndipo watu, yaani sisi majirani wema tusiokosa la kusema, tulipoanza kunong'ona kwamba marehemu anamwita mwanawe. Maneno yakamfikia Hilaria, naye akayaamini. Basi akawa anampeleka mtoto kaburini asubuhi na jioni, anamkalisha katikati ya maua, na kumsihi Irine amwachie huyu mmoja. Kila walipotoka pale mtoto alikuwa na hali mbaya zaidi, na kila hali ilipokuwa mbaya walirudi kuomba. Nikikumbuka hayo hasira inanipanda, na simjui wa kumkasirikia.

Jovita, bibi shamba wa kata yetu, alikuja siku moja kukagua viwavijeshi kwenye mahindi. Alipofika mwisho wa shamba alisimama, akamnyanyua Zawadi kutoka kaburini kabla hata ya kusalimia. Alimwambia Hilaria kwamba hayo si maua, ni gugu karoti. Unga wa maua yake ndio unaowasha ngozi na kubana kifua, ng'ombe akilila maziwa yanakuwa machungu, na mazao yaliyo jirani nalo hayafanyi vizuri. Pengine lilikuja na mchanga. Ling'olewe na mizizi yake, mikono ikiwa na glavu na pua imefunikwa, lichomwe moto mbali na watu. Alimwachia glavu zake.

Hilaria alimfukuza. Alimwambia ameletwa kupima mahindi, hakuletwa kumpimia mwanawe. Akazitupa zile glavu juu ya mchanga, akaingia ndani.

Hazikupita siku tatu Zawadi akabanwa kifua mchana wa jua kali, midomo ikawa ya bluu. Tulimkimbiza hospitali kwa bodaboda, Hilaria akiwa amembeba kifuani na kulia kwa sauti njia nzima. Mtoto alipowekewa oksijeni na kutulia kidogo, Fabiani, ambaye miaka yote hiyo alimwacha mkewe aomboleze anavyotaka, alimketisha kwenye benchi la nje. Mimi nilikuwa nimesimama karibu nao.

"Mama Irine," alisema, "aliye chini hatumwezi tena. Huyu wa juu bado tunamweza."

Kesho yake Hilaria alirudi nyumbani peke yake. Nilipotaka kumsaidia alikataa, akasema huyu ni wake. Aliokota glavu, akafunga kanga puani, akaanza kung'oa kuanzia kwenye mahindi kuelekea kaburini. Alifanya hivyo kwa siku kadhaa, akijaza viroba na kuvichoma. Kaburi akaliacha la mwisho. Alipokuwa hapo, Fabiani akatokea na Zawadi begani, ameruhusiwa mapema kuliko tulivyodhani. Mtoto alitazama mpaka shina la mwisho likatoka. Hakulia. Tulimshukuru Mungu kwamba hakuelewa.

Baada ya hapo Hilaria alizunguka kwa wote aliowapa mbegu, nyumba kwa nyumba, akiwaomba wang'oe. Wengine walimcheka, wakamwambia maua ni maua. Saruji nayo ilipatikana hatimaye, kaburi likajengwa vizuri. Lakini Jovita alishasema ukweli: mbegu hukaa ardhini miaka, na mvua ikinyesha zinaota. Zinaota pembezoni mwa saruji. Kila msimu Hilaria hushuka huko alfajiri kabla mjukuu hajaamka, ananyofoa miche isiyozidi ukucha. Kwaya ameacha. Aliniambia bila chozi, akiwa ameinama, "Kila mvua anakuja kunisalimia, na kila mvua namfukuza."

Zawadi sasa anapumua vizuri siku nyingi, na wote tunasema ilikuwa lazima. Juzi jumuiya ilisali kwao, na tulipomaliza mwanamke mmoja, kwa wema tu, alimshika mtoto mkono akamwambia twende tukamsalimie mama.

Zawadi aliuchomoa mkono wake.

"Mama hayupo," alisema. "Bibi alimng'oa, akamchoma."

Hilaria alikuwa mlangoni ameshika sinia la chai. Alitugawia vikombe mmoja baada ya mwingine, hakuna aliyekosa, kisha akaenda kukaa peke yake jikoni.